Tuwarekodi wazee wakipatana bei ya mbuzi, si wakisali tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki tatu zilizopita kwamba Mtanzania anayejifunza lugha iliyokufa ni sawa na mtu anayemwagilia kisiki. Hakunitaja, lakini hapa Mpunguzi habari za bibi anayesoma Kigothi zimeshatembea kutoka kisimani mpaka kituo cha daladala, na nadhani zimemfikia. Sina ugomvi naye. Mimi ni mkulima wa zabibu, visiki navijua: kipo kilichokauka na kipo kinachongoja maji tu. Kigothi kimekauka. Hakuna mtoto atakayelia kwa lugha hiyo tena, wala sikeshi na taa ya sola nikidhani nitaifufua. Lakini lugha hiyo imenionyesha kosa nililolifanya mwenyewe kwa lugha ya mama yangu, kosa ambalo naona bado linafanyika kila mahali hapa Dodoma, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 34, Bahi kwanza, kisha Chamwino, mwisho karibu na nyumbani. Sasa nina ekari moja na robo ya zabibu nyekundu, ile tunayoiita Makutupora. Mwaka juzi, wakati wa kupogoa, niliteleza kwenye mfereji nikavunjika mguu, nikakaa ndani miezi mitatu. Mjukuu wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma akaja kunitazama, akaniachia simu yake ya zamani yenye kitabu cha sarufi ya Kigothi cha mwaka 1910. Akaniambia, "Bibi, aliyeandika hiki, Joseph Wright, alikuwa mtoto wa kiwandani huko Uingereza, hakujua kusoma mpaka alipofika miaka 15. Mwishowe akawa profesa Oxford." Maneno hayo yalinitosha. Nimewahi kukaa na watoto wa miaka 13 na 14 wasiojua kusoma, tukibaki darasani baada ya wenzao kutoka. Nikataka kujua huyu aliandika nini.

Kwa wasiojua, Wagothi walikuwa watu walioishi karibu na Bahari Nyeusi na mto Danube, na lugha yao ni ndugu wa Kijerumani, Kiingereza na Kiswidi. Baadaye makundi yao yalitawala Italia na Hispania. Katika karne ya 4 alikuwapo askofu wao mmoja, Wulfila, jina ambalo maana yake ni mbwa mwitu mdogo. Wazee wa ukoo wake walikuwa mateka waliochukuliwa na Wagothi kutoka Kapadokia, ndani ya Uturuki ya leo. Mjukuu huyo wa mateka ndiye aliyewatengenezea Wagothi herufi, nyingi akizichukua kwa Wagiriki, akawatafsiria Biblia. Mwandishi wa kale, Philostorgius, anasema aliviruka Vitabu vya Wafalme kwa sababu Wagothi walikuwa tayari wanapenda vita kupita kiasi na hawakuhitaji kuchochewa. Nilipolisoma hilo nilimpenda. Ni mwalimu anayelijua darasa lake.

Sehemu kubwa ya Kigothi tulicho nacho imetoka katika tafsiri hiyo. Nakala yake iliyo maarufu kuliko zote iko Uppsala, Sweden: kitabu cha ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, kimeandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu huko Italia mwanzoni mwa karne ya 6. Kilikuwa na karatasi 336, zimebaki 188, na moja kati ya hizo ilionekana mwaka 1970 tu, katika kanisa kuu la Speyer, Ujerumani, ikiwa imezungushwa kwenye kijiti ndani ya sanduku la masalia ya watakatifu.

Nilianza na Baba Yetu, kama mtoto wa sandesukuli. Atta unsar thu in himinam. (Herufi yao ya th gazeti lako halina, kwa hiyo naiandika hivi.) Ndani ya juma moja nilikuwa najua ndugu ni brothar, dada ni swistar, binti ni dauhtar, mkono ni handus. Anayejua Kiingereza kidogo anasikia kama mtu anamwita kutoka chumba cha pili. Yapo niliyoyapenda zaidi. Wana neno la "sisi wawili" peke yake, wit, na kitendo chake kinabadilika kikiwa cha wawili. Kiswahili nacho kinaligusa jambo hilo tunapomwambia mmoja "twende" na wengi "twendeni". Vitendo vyao vingine, vikienda wakati uliopita, hurudia mwanzo wa neno: kulala ni slepan, alilala ni saislep. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti nikiwa nimeegemeza mguu wenye plasta kwenye ndoo, na majirani wakadhani naomba dua.

Mstari ulionikamata hasa ni Luka 6:44. Biblia yetu ya Kiswahili inasema katika michongoma watu hawachumi zabibu. Mimi shamba langu lote nimelizungushia michongoma. Wulfila kwa zabibu aliandika weinabasi, na hakusema watu hawachumi. Alisema hawakanyagi, yaani hawapondi kwa miguu kupata divai. Na kwa mchongoma aliandika aihwatundi. Sasa ngoja nieleze kwa nini neno hilo moja lilinikosesha usingizi.

Sehemu yake ya mwisho ni ya ukoo mmoja na tunthus, jino. Sehemu ya mwanzo ni farasi. Mchongoma kwao ni "jino la farasi". Lakini, Mhariri, pitia maandishi yote ya Kigothi yaliyobaki duniani, neno la farasi likiwa peke yake halimo. Watu waliopanda farasi kutoka Bahari Nyeusi mpaka Hispania, waliowatisha maliwali wa Roma, hawakuacha popote neno la mnyama wao isipokuwa limejificha ndani ya kichaka cha miiba. Wataalamu wamelitoa humo kama mtu anavyotoa mwiba kwa sindano. Walitazama Kilatini equus, wakatazama Kiingereza cha kale eoh, wakafuata kanuni za jinsi sauti zinavyobadilika kutoka ndugu mmoja wa lugha hadi mwingine, wakaandika aihws. Mbele yake wakaweka alama ya nyota. Nyota hiyo maana yake: neno hili hatukulikuta limeandikwa, tumelijenga upya.

Kazi ya namna hiyo si ngeni kwetu, ila tu hatukuambiwa jina lake. Baba yangu alikuwa Mrangi wa Kondoa, akisema muntu. Mama yangu Mgogo wa Mvumi akisema munhu. Shuleni mimi nikafundishwa mtu. Kitu kwa baba ni kintu, kwa mama ni chinhu. Mtoto aliyekulia nyumba ile anaijua kanuni kabla hajaingia darasa la kwanza: penye nt ya baba pana nh ya mama, na Kiswahili kimeiangusha n njiani. Kwa kulinganisha hivyohivyo, lugha moja na nyingine, Mjerumani Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 kitabu juu ya sauti za lugha zetu za Kibantu, na wataalamu waliomfuata wakajenga upya maneno ya mababu ambao hawakuandika hata mstari mmoja. Shina la ntu nalo huwekewa nyota.

Nyota hiyo nilianza kuiogopa. Kila nilipoigusa ilikuwa inaniambia hapa palikuwa na mtu, aliongea, na hakuna aliyeandika.

Mguu ulipopona nilijaribu kuweka daftari la siku kwa Kigothi. Nilitaka kuandika mambo yangu ya kawaida: asubuhi nimemwagilia, mfanyakazi amechelewa, dalali amekuja na bei ya kunitukana, nikamfukuza, akarudi. Nilikwama. Naweza kusema kwa Kigothi kwamba ngamia apite katika tundu la sindano (ngamia wanamwita ulbandus, neno lililotoka kwa tembo, mnyama waliyemsikia tu, nasi mji wetu tumeupa jina kutokana na tembo aliyezama, maana wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba waliomwona walisema idodomya, amedidimia). Naweza kusema mimi ni mzabibu wa kweli, ik im weinatriu thata sunjeino, Yohana 15:1. Lakini mama wa Kigothi alimkaripiaje mtoto aliyemwaga maziwa? Wachungaji wawili walitaniana vipi kisimani? Mnunuzi akipandisha sauti, muuzaji alijibu nini? Hakuna. Yaliyobaki ni Maandiko na maelezo ya Maandiko. Hata maneno yaliyokwaruzwa kwenye mawe ya Mangup, huko Crimea, rasi iliyo kaskazini mwa Bahari Nyeusi, yaliyochapishwa mwaka 2015, yamejaa sala. Nami ni Mkristo, naheshimu sala kuliko vitu vingi. Ila mtu hasali mchana kutwa.

Kipo kipande kimoja kilichonitoa machozi. Mwaka 551 makasisi wa Kigothi wa kanisa moja la Ravenna, Italia, walikuwa na deni, wakauza eneo la kinamasi. Hati yenyewe ni ya Kilatini, lakini wachache kati yao walitia sahihi kwa Kigothi. Kasisi anaandika: kwa mkono wangu, handau meinai, nimeandika chini hapa, na tumepokea skilliggans 60, na kabla ya hapo 120, bei ya kinamasi hiki. Herufi gg mbili kwao zinasomwa ng. Lisome sasa neno hilo: skilliggans. Ni ndugu wa shilingi yetu, hii tuliyoletewa na Waingereza, ninayoihesabu kila msimu wa mavuno. Na wenzake wale waliodaiwa pamoja anawaita gahlaibans, watu wanaokula mkate mmoja. Sisi tungesema tunakula chungu kimoja. Ni mistari michache ya deni na mauzo, lakini hapo ndipo nilipomsikia Mgothi akiongea kama mtu wa Mpunguzi.

Jaribio la mwisho la kuwasikia lilikuja baadaye sana. Karibu mwaka 1560, Ogier Ghiselin de Busbecq, balozi wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, kwa sultani wa Uturuki, alikutana mjini Constantinople, Istanbul ya leo, na watu wawili kutoka Crimea, ambako ilisemekana kuna watu wanaoongea lugha inayofanana na Kijerumani. Mmoja alikuwa mtu wa kabila hilo lakini lugha ameisahau. Wa pili lugha anaijua, lakini kwa asili ni Mgiriki aliyejifunza kutokana na kukaa na watu wale. Busbecq akaandika maneno yapatayo 80 na kawimbo. Orodha: mvua, ndugu, mkono, moja, mbili, tatu. Hakuandika mazungumzo. Angewaambia wamsimulie tu walivyosafiri, leo tungekuwa na Kigothi cha Crimea kinachotembea kwa miguu yake.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1993 nilinunua redio kaseti, na Krismasi nikaenda nayo Mvumi kumrekodi mama. Alikuwa na miaka 70 na kitu. Mama yangu alikuwa na jina la kila rangi ya ng'ombe na kila namna ya pembe. Mimi nakumbuka matatu. Alikuwa na maneno ya uwele unapoanza kukauka, unapokauka nusu, na unapokuwa tayari kwa mchi. Alipogombana na jirani kwa sababu ya kuku, watu walisogea kusikiliza jinsi anavyopanga maneno. Nikaweka kaseti, nikamwambia, "Mama, sema Kigogo, nikuhifadhi." Akaniambia nisubiri. Akaingia ndani ya tembe, akanawa uso, akavaa kitenge cha kanisani, akatoka, akaketi wima. Akasema Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kwa sauti ya mgeni rasmi. Akasali Baba Yetu kwa Kigogo mwanzo hadi mwisho. Akaimba nyimbo tatu za kanisa. Akaniuliza kama inatosha, nikasema inatosha.

Dakika 19. Baada ya hapo nilizima mashine, na mara tu nilipoizima akamwita kijana aliyekuwa anapita na mbuzi, wakapatana bei kwa karibu nusu saa, wakicheka, wakinung'unika, mama akifungua midomo ya mbuzi na kuhesabu meno. Kaseti ilikuwa na upande wa pili mzima mtupu. Nilikuwa nimekaa pembeni, nimeishika mkononi.

Mama alifariki mwaka 1998. Nimerudia kuisikiliza kaseti ile mwaka huu, kijana wa mjini ameniingizia kwenye simu, na kitu nilichokisikia ni Wulfila. Sala safi, nyimbo safi, na mama yangu hayumo.

Yapo mengine ambayo lazima niyaseme kwa kuwa nazungumzia lugha hadharani. Katika shule moja niliyofundisha, mtoto aliyesikika akisema Kigogo alivalishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilivalisha. Niliamini namsaidia mtoto apate Kiswahili kizuri, na Kiswahili kizuri walikipata kweli. Lakini sasa nakutana na watoto wale, watu wazima, sokoni Majengo, nikiwasalimu kwa Kigogo wananijibu kwa Kiswahili huku wanatazama chini. Kiswahili nakipenda, nimekifundisha maisha yangu yote. Hakikuhitaji kibao.

Msomaji mwenzangu atasema Kigogo kina watu wengi mno, hakiwezi kufa leo wala kesho. Ni kweli. Lakini katika nchi hii hii ya kati Kikwadza kimeshakufa, lugha ya jamii moja na Kiburunge na Kialagwa cha Kondoa, na leo kinajulikana kwa maneno ambayo wataalamu waliwahi kuyakusanya kwa wazee wachache wa mwisho. Orodha tena. Wasandawe bado wana lugha yao yenye midoko, zile sauti za kualika ulimi, ambayo sisi wengine hatuwezi hata kuitamka. Wajukuu wao nimewafundisha, na nyumbani wengine walikuwa wanajibiwa kwa Kiswahili. Na hata lugha yenye watu wengi inaweza kufa kipande kipande: hufa maneno ya ng'ombe, hufa ya uwele, hufa matusi ya adabu ya wazee, zikabaki salamu za kwenye harusi.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Toa robo ya ukurasa kila juma, hata kama ni nyuma kabisa karibu na matangazo, msomaji mmoja aandike mazungumzo aliyoyasikia kwa lugha ya kwao, na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Si methali, hizo tunazo. Si orodha ya maneno. Mazungumzo: watu wanachinja, wanadai deni, wanamfokea mlevi, wanasuka nywele, wanabishana njia ya kwenda Hombolo. Aandike nani aliyesema, mahali gani, na alikuwa anafanya nini kwa mikono yake wakati anasema. Walimu wenzangu wawape watoto kazi hiyo likizoni. Daftari na kalamu vinatosha, na mwenye simu arekodi. Mtafiti wa miaka 1,000 ijayo hatahitaji kuweka nyota mbele ya kila kitu tulichokuwa.

Mimi nitaanza. Mama mdogo wangu bado yuko Mvumi, ana miaka 86, masikio mazuri, ulimi mkali kama wa dada yake. Jumamosi hii napanda basi la asubuhi na simu ya mjukuu, nimeshafuta picha zote ili ipate nafasi. Nimemtumia ujumbe kwa mwanawe kwamba nataka kununua beberu, na kwamba asivae kitenge cha kanisani.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.